Daftari la Wakala na Sarufi ya Kiswahili

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii iliwalenga wenye biashara, lakini leo inawafaa pia wale wanaounda programu za tarakilishi kwa msaada wa mawakala wa akili mnemba.

Wakala wa aina hii hupewa kazi kwa lugha ya kawaida, akausoma msimbo wa mradi, akaubadilisha, akaujaribu na kurekebisha makosa yake mwenyewe. Ana bidii, lakini ana dosari moja kubwa: kwa kawaida kila kikao kipya hukianza bila kumbukumbu ya kikao kilichotangulia. Alilofunzwa Jumatatu hukosa kulijua Jumanne. Isitoshe, mradi mmoja huwa na waundaji wengi, na kila mmoja humwelekeza wakala wake kivyake. Ndipo ikazuka desturi ya kuandika kanuni za mradi katika faili moja, likahifadhiwa pamoja na msimbo, ili kila wakala alisome kabla ya kushika kazi. Claude Code, iliyotolewa mwaka wa 2025, husoma faili liitwalo CLAUDE.md, mwaka uo huo AGENTS.md likajitokeza kama faili la pamoja kwa mawakala wa kampuni mbalimbali.

Je, mwanafunzi wa Kiswahili ana hisa gani katika jambo hili? Makala haya yanashikilia kwamba ana hisa kubwa, kwa kuwa mawakala hao sasa huandika pia maneno ambayo mtumiaji huyasoma kwenye skrini.

Chukua mfano wa ujumbe unaomwarifu mtumiaji kuwa kitu kimefutwa. Kwa Kiingereza, kitenzi hakibadiliki, kiwe kimefutwa kitabu au picha. Muundaji hutunga kiunzi kimoja cha sentensi, kisha akachomeka idadi na jina. Kiswahili hakikubali hila hiyo: kitabu kimefutwa, picha imefutwa, ujumbe umefutwa, vitabu vimefutwa. Taratibu za kimataifa za Unicode huipa programu ya Kiswahili maumbo mawili, la umoja na la wingi, lakini hazishughulikii ngeli. Wakala asiyeonywa hufuata kiunzi cha Kiingereza, na msomaji akakabidhiwa "kitabu 1 imefutwa". Kanuni ya mstari mmoja ingetosha: sentensi zisiungwe kwa vipande, kila nomino iandikiwe sentensi yake kamili, kwa sababu kitenzi hufuata ngeli.

Istilahi nazo zina taabu yake. Skrini moja husema nywila, ya pili nenosiri. Huku tarakilishi, kule kompyuta. Wapo wanaodai kwamba mitambo ikizidi kukijua Kiswahili, daftari la kanuni halitahitajika. Hoja hiyo haina mashiko. Kujua maneno yote mawili si kujua ni lipi lililoteuliwa na wenye mradi. Uteuzi ni uamuzi, na uamuzi usioandikwa hurudiwa upya kila siku. Mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, uteuzi wa istilahi ulikuwa sehemu ya kazi yenyewe. Haja hiyo haijapungua. Aliyebadilika ni mwandishi.

Hata hivyo, kanuni zina mipaka. Faili likirefuka mno, lililo muhimu humezwa na lisilo muhimu. Tena kanuni ni wosia, si kufuli: wakala anaweza kuikiuka, hivyo lazima kazi yake ikaguliwe. Inafaa basi kanuni ziwe chache, zitaje sababu zake, zitoe mfano wa sahihi na wa kosa, na zirekebishwe kila kosa jipya linapodhihirika.

Historia ya Kiswahili ina funzo hapa. Kamati ya Lugha ya mwaka wa 1930 ilipoanza kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, haikuwa na mjumbe Mwafrika. Kanuni zilipatikana, na vitabu vya shule vikafanana, lakini wenye lugha hawakuwa mezani, na manung'uniko ya wapenzi wa Kimvita yakadumu miaka mingi. Leo meza nyingine imetandikwa. Faili la kanuni ni maandishi ya kawaida. Halihitaji mhandisi, linahitaji mtu anayejua ngeli, istilahi na uandishi wa sentensi isiyo na utata. Stadi hizo ndizo zinazofundishwa katika idara za Kiswahili.

Idara hizo zikikaa kimya, kanuni zitaandikwa vivyo hivyo, na wasiojua kwa nini kitabu hakiwezi "imefutwa". Mwenye mali ndiye mwenye daftari. Na mali hii, Kiswahili, ina wenyewe.