Mtaala wa Huduma za Wingu na Mwanafunzi wa Bodo

Katika enzi hii ya utandawazi, vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vimo mbioni kuingiza huduma za wingu katika mitaala ya tarakilishi. Kwa mujibu wa fasili iliyotolewa mwaka 2011 na Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, wingu ni utaratibu wa kutumia, kupitia mtandao, mitambo ya pamoja inayopatikana wakati wowote, inayoongezwa au kupunguzwa kwa haraka, na ambayo matumizi yake hupimwa. Haja ya elimu hii ni bayana. Swali ni hili: mtaala huo unatungwa kwa kumfikiria mwanafunzi yupi?

Inafaa afikiriwe mwanafunzi wa Bodo. Bodo ni kijiji cha wavuvi katika kaunti ya Kwale, kusini mwa Msambweni, penye mikoko na mashua za kuvukia kwenda kisiwa cha Funzi. Kijana wa mahali kama hapo aghalabu huijua rununu kabla ya tarakilishi, na hununua data kwa kadiri ya mfuko wake. Mtaala unaochukulia kwamba mtandao haukatiki, na kwamba kila mwanafunzi ana kadi ya benki ya kufungulia akaunti ng'ambo, humfungia mlango kabla hajabisha hodi.

Wapo wanaoona kwamba njia ya mkato ni kuchukua kozi na vyeti vya Amazon, Microsoft au Google, kwa kuwa waajiri huviulizia. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, cheti cha kampuni hufunza zaidi bidhaa za kampuni hiyo, na bidhaa hubadilika kila uchao. Wajibu wa chuo kikuu ni kufunza misingi inayodumu: mitandao, mifumo endeshi, hifadhidata, usalama, na jinsi mtambo mmoja unavyogawanywa ukafanya kazi ya mitambo mingi. Vyeti na viwe kitoweo, visiwe wali wenyewe.

Aidha, wingu hili halielei angani. Data hukaa ndani ya majengo na hupita katika nyaya. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Microsoft ilifungua vituo vyake vya data Afrika Kusini mwaka 2019. Amazon ikafungua vya Cape Town mwaka 2020. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa kusini, mtandao ulizorota Kenya na Tanzania. Mtaala usiomfunza mwanafunzi data yake ikae wapi, ilindwe vipi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, huduma ifanye nini mawasiliano yakikatika, na nani atalipa ankara ya dola, umemfunza nusu ya somo.

Bodo yenyewe yaweza kuwa uwanja wa mazoezi. Kanuni za mwaka 2007 zilivitambua vikundi vya usimamizi wa fuo, ambavyo wavuvi hushiriki kupitia kwavyo katika kusimamia uvuvi. Mwanafunzi apewe kazi ya kuunda programu ya kuandika uzito wa tafi, changu na pono wanaoletwa ufuoni. Ihifadhi rekodi ndani ya rununu mtandao usipokuwapo, na izipeleke kwenye seva mawasiliano yakirejea, bila ya kuhesabu samaki mmoja mara mbili. Zoezi hilo dogo limebeba nadharia nyingi: ulinganifu wa nakala za data, akiba, ruhusa na gharama. Isitoshe, litamlazimu ajiulize kama siri ya mwamba wenye samaki ni ya mvuvi au ya mwenye seva. Wala haihitaji akaunti ya ng'ambo: mtandao wa elimu wa KENET, ulioanzishwa mwaka 1999, huwapa wanachama wake huduma za wingu, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kina bewa Kwale.

Hapa ndipo suala la lugha linapoingia. Mvuvi ataeleza kazi yake kwa Kiswahili, tena pengine kwa lahaja ya Chifundi, ilhali mwanafunzi atamwendea na istilahi za Kiingereza tupu. Programu isiyoeleweka na wenye data haitatumiwa nao. Kwa wanaodai kwamba Kiswahili hakimudu teknolojia, jibu lilikwisha kutolewa mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi.

Kwa mintarafu hiyo, wanafunzi wa Kiswahili wasikae pembeni wakingoja kutafsiri kilichokwisha kuamuliwa. Wadai nafasi katika kamati za mitaala, na faharasa ya istilahi za wingu itungwe sambamba na mtaala wenyewe. Waundaji wa mitaala, nao, kabla ya kuidhinisha somo lolote, waulize kama mwanafunzi mwenye rununu moja na mtandao wa kukatikakatika ataweza kulisoma na kulifaulu. Akishindwa kwa sababu hizo, kilichofeli ni mtaala.