Tulihesabiwa 2022, Kata Zimebaki Zile Zile

Sensa ya 2012 iliikuta Manispaa ya Songea ikiwa na watu 203,309. Ya 2022 ikatukuta 286,285. Nyongeza yake ni karibu watu 83,000, na hao ni wengi kuliko wakazi wote wa Halmashauri ya Madaba, ambayo sensa hiyo hiyo iliihesabu kuwa na watu 65,215. Halmashauri nzima na ziada imeota ndani ya mji wetu katika miaka 10. Madaba ina kata 8 na madiwani wake, ina mbunge, ina mkurugenzi. Hawa wetu walioongezeka hawakupata hata diwani mmoja. Oktoba 2025 tulipanga foleni ya kura kwa kata zile zile 21.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na Agosti 2022 nilikuwa karani wa sensa upande wa barabara ya Njombe. Nilipewa kishikwambi, kizibao na ramani ya eneo la kuhesabia. Yeyote aliyefanya kazi ile pembezoni mwa mji atanielewa: unaingia kichochoro ukitarajia kaya tatu, unakuta saba, na nyuma yake kuna msingi umeshamwagwa na fundi analala humo humo na mkewe. Wanatoka Mbinga, Namtumbo, Tunduru, wengine Njombe. Wamenunua kiwanja, wamejenga vyumba viwili, mahindi yanaota hadi dirishani. Mama mmoja aliyekuwa anapepeta mahindi aliniuliza, bila kuinua macho, kwamba nikishamwandika atapata nini. Nikamjibu kama tulivyofundishwa, kuwa sensa ni kwa maendeleo. Akaniambia, "Haya mwalimu, andika."

Tuliandika. Takwimu zikatangazwa, zikachapishwa hadi ngazi ya kata, na vishikwambi vikaja shuleni kufundishia. Kitu ambacho hakikusogea ni mstari unaosema mama yule ni wa kata gani na diwani wake anabeba watu wangapi mgongoni.

Mstari huo una fedha ndani yake. Katika nchi hii mambo mengi huhesabiwa kwa kata. Mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, MMES, ulioanza 2004 ndio uliotuletea sekondari za kata. Mpango wa afya ya msingi wa 2007, MMAM, ukasema zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Juzi juzi mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, umekuja na mamia ya milioni kujenga sekondari katika kata ambazo hazikuwa nayo. Ni sera nzuri, na mimi ni miongoni mwa wanaokula matunda yake kwa sababu watoto ninaowafundisha wana pa kwenda. Lakini kipimo kikiwa kata, kata yenye watu wengi mno inahesabika kuwa imeshapata pale inapopata shule moja, sawa na jirani yake mwenye nusu ya watu wake. Orodha ya mkoa inaonyesha alama ya vyema kwa wote wawili. Ukienda darasani kwa mmoja wao utakuta wanafunzi wanabanana madawati na mwalimu wa hisabati ana mikondo asiyoweza kuimaliza.

Mikopo ya asilimia 10 ni hivyo hivyo. Nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vinaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na huyo ana meza moja na saa nane za kazi, awe na wakazi elfu nane au elfu ishirini. Mtendaji wa kata naye vile vile. Halafu njoo kwenye Baraza la Madiwani, bajeti ya barabara za mitaa ikiwa mezani: kila diwani wa kata ana kura moja, na kura haiongezeki uzito kwa sababu nyuma yake kuna watu wengi. Katikati ya mji, kutoka Mjini kwenda Majengo, Misufini na Mfaranyaki, unaweza kuzipita zote kwa miguu na ukawahi chai ya saa nne. Hizo ni kura nne. Huku kwetu, diwani akianza asubuhi na bodaboda, jioni inamkuta bado hajafika mtaa wa mwisho, na kura yake ni moja.

Gawanya watu 286,285 kwa kata 21, unapata wastani wa 13,633 kwa diwani mmoja. Tunduru, yenye watu 412,054 na kata 39, wastani ni 10,565. Madaba ni 8,152. Kwa wabunge pengo ni kubwa zaidi. Mkoa wa Ruvuma una majimbo 9 na watu 1,848,794, yaani kama 205,000 kwa jimbo. Songea Mjini tuna mbunge mmoja kwa 286,285, na Madaba mmoja kwa 65,215. Sauti ya mkazi mmoja wa Madaba bungeni ina uzito wa wakazi wanne na ushei wa Songea Mjini.

Sina ugomvi na Madaba. Kule ni zaidi ya kilomita mia moja kutoka hapa, vijiji vimetawanyika, na masika mbunge anayetaka kufika kila kijiji atalijua tope la Ruvuma kwa jina. Umbali nao ni sehemu ya haki, na Katiba yetu katika ibara ya 75 inaitaka Tume ya Uchaguzi izingatie mawasiliano na hali ya kijiografia inapogawa majimbo. Ibara hiyo hiyo inaitaka Tume ipitie majimbo angalau kila baada ya miaka 10. Mwanzoni mwa 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilipokea maombi, ikatumia kigezo cha watu 600,000 kwa jimbo la mjini na 400,000 kwa jimbo la vijijini, na Mei 12 Mwenyekiti wake, Jaji Jacobs Mwambegele, akatangaza majimbo mapya 8. Nchi ikafikisha majimbo 272. Ruvuma haikupata, na kwa kigezo kile haikustahili kupata. Nalikubali hilo.

Ninachouliza ni kuhusu kata, ambazo hazina saa ya namna hiyo. Mwenye kalamu ya kata ni waziri wa TAMISEMI, na kalamu hiyo haisogei mpaka wananchi waombe. Ombi linaanza kwenye mkutano wa mtaa, linapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, Baraza la Madiwani, kamati ya ushauri ya wilaya, kisha ya mkoa, ndipo liende Dodoma, na likipita linatoka kwenye Gazeti la Serikali. Njia ndefu, lakini urefu siyo tatizo langu. Angalia nani anatakiwa kuanza. Mtu aliyehamia juzi, ambaye bado anatafuta mahali pa kuchotea maji, ndiye atakiwe kuitisha mkutano wa kugawa kata! Na likifika Baraza, linaamuliwa na wale wale ambao mipaka iliyopo imewaweka kwenye viti.

Na likifika Dodoma, jibu tunalijua. Serikali imesema mara nyingi kwamba haianzishi maeneo mapya ya utawala hadi yaliyopo yakamilike ofisi na huduma. Ni hoja ya mtu mwenye akili ya nyumba. Kata mpya ni ofisi mpya, mtendaji mpya, diwani mpya na posho zake. Ukiniuliza mimi kama tuongeze kata Songea, nitasema hapana. Kata 21 zinatosha mji huu.

Mitaa ihamishwe. Kata iliyofurika itoe mtaa au miwili kwa jirani aliyepungua, na pale katikati ya mji ambapo nyumba za kuishi zinageuka maduka, kata mbili ziwe moja, ili kiti kinachobaki kiende pembezoni walikohamia watu. Hesabu ya madiwani isibadilike, wala gharama. Kilichotuzoesha vibaya ni kwamba siku zote tumeona kata ikikatwa mbili, hatujaona mipaka ikisogezwa, kwa hiyo kila anayedai haki ya uwakilishi anaonekana anadai ulaji.

Niliwahi kulisema hili kwenye msiba, tukiwa tumekaa kwenye mikeka, mbele ya mzee mmoja aliyewahi kuwa diwani. Alicheka kwanza. Kisha akasema, "Mwalimu, mtaa siyo dawati. Ukiuhamisha umehamisha kura zangu, na makaburi ya watu, na shule waliyoichangia tofali." Kuhusu kura zake sikumwonea huruma. Kuhusu tofali alinibana kweli kweli. Sekondari nyingi za kata zimejengwa kwa michango, watu wamebeba mchanga na mawe, na leo umwambie mzazi kuwa shule ile ni ya kata nyingine? Jibu langu, baada ya kulala nalo, ni kwamba shule ni ya Manispaa, na watoto wa mtaa uliohamishwa waendelee kupangwa pale pale kama ilivyokuwa. Kinachohama ni kura ya diwani na dawati la mtendaji. Lakini hilo liandikwe kabla ya mstari kusogezwa, lisiachwe kwa ahadi ya mdomo.

Majirani zetu Kenya wameliweka ndani ya Katiba yao ya 2010. Ibara ya 89 inasema idadi ya watu katika jimbo au wadi isipishane na wastani kwa zaidi ya asilimia 30, na asilimia 40 kwa majiji na maeneo yenye watu wachache. Utekelezaji wao siyo wa kuonea wivu: muda wa mapitio uliisha Machi 2024 huku tume ikiwa haina makamishna. Hata hivyo Mkenya ana namba ya kwenda nayo mahakamani. Tukiazima asilimia 30 hiyo kwa Songea, kata halali ingekuwa na watu kati ya 9,500 na 17,700 hivi. Iliyo chini au juu ya hapo ingejieleza: ama ni ya mashamba na umbali, kama zile za pembezoni kabisa, ama irekebishwe. Tafuta kata yako kwenye jedwali la sensa uone inaangukia wapi. Mimi ya kwangu nimeitafuta.

Nadhani sheria inapaswa kuipa Tume kazi hii ya kata pia, iifanye kila baada ya sensa bila kusubiri ombi, ikae mitaani isikilize watu, kisha itoe ramani yenye sababu zilizoandikwa. Waziri ni mwanasiasa, tena mbunge wa chama, na hata akichora kwa uadilifu hakosi wa kumshuku. Lakini kubadili sheria kunachukua muda, na Baraza letu halihitaji kusubiri. Linaweza katika kikao kimoja tu cha robo mwaka kuomba jedwali la watu kwa kila kata liwekwe mezani, na kuwaagiza wataalamu wa Manispaa walete ramani mbili au tatu za kuhamisha mitaa ndani ya kata hizi hizi 21. Na lifanye hivyo mapema. Likisubiri 2030, kila mtaa utakaoguswa utaonekana umeguswa kwa ajili ya fulani. Mwaka 2027 hakuna mgombea, hakuna bendera barabarani, na ramani inaweza kujadiliwa kama ramani.