Chozi la Mchezaji wa Kompyuta

Wako walimu na wazazi wasemao kwamba mchezo wa video hauwezi kumtia mtu hisia za kweli. Hoja yao ni kuwa kilichoko mbele ya mchezaji ni picha tu zitokanazo na hesabu za kompyuta. Basi na huzuni anayoipata ni ya bandia vilevile. Hoja hiyo ina kasoro moja kubwa. Inachanganya ukweli wa jambo na ukweli wa hisia izaliwayo na jambo hilo.

Mtu aotaye kuwa anakimbizwa na simba huamka moyo ukimwenda mbio na jasho likimtoka. Simba hakuwapo, lakini hofu ilikuwapo. Kadhalika, msomaji wa riwaya humlilia mtu ambaye hajapata kuzaliwa, wala hakuna amwambiaye kuwa machozi yake ni ya uongo.

Kuhusu michezo ya video, ushahidi wa maabara upo tangu 1998. Mwaka huo watafiti wa London walieleza katika jarida la Nature jinsi walivyopima ubongo wa wanaume 8 waliokuwa wakicheza mchezo wa kuendesha kifaru cha vita. Ilionekana kwamba dopamini, kemikali ya ubongo ihusianayo na hamu na tuzo, iliongezeka. Na iliongezeka zaidi kwa wale waliocheza vizuri zaidi.

Mpinzani atasema: huo ni msisimko tu, na huzuni ni jambo jingine. Pingamizi hilo lina uzito, na jibu lake lapatikana katika michezo yenyewe. Mwaka 2016 Ryan na Amy Green wa Marekani walitoa mchezo uitwao That Dragon, Cancer, unaosimulia ugonjwa wa mwana wao Joel, aliyefariki kwa saratani mwaka 2014 akiwa na umri wa miaka 5. Katika sehemu moja mtoto analia hospitalini. Mchezaji hujaribu kumtuliza, na kila jaribio hushindwa. Hakuna pointi za kushinda hapo. Kinachobaki ni unyonge wa mzazi, nao mchezaji huuonja kwa mikono yake mwenyewe.

Hapo ndipo mchezo unapotofautiana na tamthilia. Mtazamaji wa tamthilia humhurumia mtendaji. Mchezaji ndiye mtendaji. Kwa hiyo aweza kujuta, kujilaumu au kuona fahari kwa alilolitenda.

Kukubali haya si kuisifu michezo yote. Nguvu ileile iwezayo kufunza huruma yaweza pia kumkesheza kijana mbele ya mashine hadi masomo yake yakaharibika. Kama hisia hizo zingekuwa za bandia, madhara hayo nayo yangekuwa ya bandia. Wala hakuna mwalimu aaminiye hivyo. Basi mwanafunzi aliyehuzunishwa na mchezo asichekwe. Aulizwe alitenda nini mchezoni, na kwa nini tendo hilo lilimwuma.