Cha kupakata hakiendi tumboni mwa ndege

SAFU YA MSAFIRI
Na Mwanaidi Shomvi

Mwezi uliopita nilikuwa naenda Mwanza kwa ndege ya pangaboi. Chini ya ngazi alisimama kijana mwenye kizibao cha kung'aa. Kila begi la magurudumu lililofika mbele yake alilifunga lebo na kulipandisha kwenye mkokoteni. Makabati ya juu ya viti ni madogo, alieleza, kwa hiyo mabegi yatasafiri chini na tutayachukua tukitua.

Zamu yangu ilipofika nikamwambia, "Mwanangu, humu mna kompyuta."

"Usijali, mama," akanijibu kwa upole. "Itafika."

Alidhani naogopa wizi, na simlaumu, maana safari zetu tumezijenga juu ya hofu hiyo. Tunatia kufuli, tunazungushia begi nailoni mpaka lifanane na boga, tunaficha kompyuta katikati ya kanga. Lakini mwizi akiichukua, hasara ni yangu peke yangu. Betri yake ikiwaka moto tukiwa angani, hasara ni ya wote tuliomo.

Betri ya lithiamu ina tabia yake. Ikibonyezwa, ikigongwa, au ikiwa imetoka kiwandani na kasoro, chembe moja hupata joto, ikaichoma ya jirani, nayo ikaichoma inayofuata. Likitokea hilo kwenye viti, mtu ataona moshi, mhudumu atakuja na kizimamoto, kisha ataimwagia maji hadi ipoe. Tumboni mwa ndege hakuna wa kuona. Ndege kubwa za abiria zina gesi ya haloni ya kuzima moto huko chini, lakini haloni huua miali tu, haipozi betri, nayo huendelea kujichemsha.

Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS iliyobeba shehena yenye betri nyingi za lithiamu ilishika moto muda mfupi baada ya kuruka Dubai, ikaanguka, na marubani wake wawili wakafariki. Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua huko Busan, Korea Kusini, kabla haijaruka. Watu 176 waliokuwamo waliokolewa wote, na wachunguzi wakasema inaelekea chanzo ni pawabenki iliyokuwa kwenye kabati la juu. Wengi wetu tunaopitia Dubai tumeshaonja matokeo ya visa vya namna hii: tangu Oktoba 2025, Emirates hairuhusu pawabenki kutumika ndani ya ndege, wala kuwekwa kwenye kabati hilo.

Kosa la kijana wangu liliwahi kufanywa na wakubwa kuliko yeye. Machi 2017 Marekani iliamuru abiria wanaotoka viwanja kumi vya ndege, vikiwamo Dubai na Doha, wapeleke kompyuta zao chini kwa kuhofia mabomu. Mwezi uliofuata mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya ikatahadharisha juu ya moto, ikapendekeza vifaa hivyo vikae na wenyewe. Kufikia mwishoni mwa Julai amri ilikuwa imeondolewa kote.

Kanuni za kimataifa ziko wazi. Pawabenki na betri za akiba ni marufuku kwenye mzigo wa chini, hakuna mjadala. Kompyuta inatakiwa ikae na mwenyewe. Ikilazimika kwenda chini, izimwe kabisa, siyo kufunikwa tu ikasinzia, na ikingwe isibonyezwe. Betri isiyozidi wati-saa 100 hupita bila kuomba kibali. Hesabu yake ni rahisi: gawanya mAh kwa 1,000, zidisha kwa volti. Pawabenki ya 20,000 yenye volti 3.7 inatoa 74. Hiyo ni salama, ila mkononi.

Picha za makatazo haya zimebandikwa kaunta, tunazipita tukitafuta pasipoti. Kisha tunafika chini ya ngazi, na mfanyakazi wa uwanja anakamilisha kwa mikono yake kile ambacho picha ilikataza.

Siku ile nilipiga magoti juu ya lami, nikafungua begi. Kanga zikaonekana, malapa yakaonekana, foleni ikaguna. Nilipoitoa kompyuta na pawabenki nikaeleza kwa sauti kwa nini. Mama mmoja nyuma yangu naye akapiga magoti, kisha kijana wa chuo, kisha mzee mwenye kofia ya kiua. Yule wa lebo akaziangalia pawabenki zilizotoka, akauliza, "Kwani na hizi nazo, mama?" Swali lile lilinieleza kwamba hakuna aliyekuwa amemfundisha.

Basi ombi langu kwa mashirika ni sentensi moja ya Kiswahili, isemwe kwa sauti kabla ya lebo ya kwanza kufungwa: "Toeni kompyuta, pawabenki na betri." Haihitaji bajeti wala semina ya hotelini.

Nasi tujipange tangu nyumbani. Kompyuta ikae kwenye mkoba wake mwembamba pamoja na chaja na pawabenki, na mkoba huo uwe juu ya vyote begini, uchomoke kwa mkono mmoja. Utakufaa pia kwenye mashine ya ukaguzi, pale unapoambiwa uitoe huku watu kumi wanakupumulia kisogoni.

Waliotupatia jina la kompyuta mpakato walitumaliza. Kupakata ni kuweka mapajani, kama mama na mwanawe. Hadi Mwanza yangu nilikuwa nayo mapajani, imezimwa, na mama wa nyuma yangu alikuwa amepakata yake.