Nyumba Moja, Wapangaji Wawili



Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilipokoma kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, familia nyingi zimebaki na kipakatalishi kizima kisichoweza kupokea Windows 11, aghalabu kwa kukosa chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kukitupa ni israfu. Kukiingiza katika intaneti vivyo hivyo ni kulala na mlango wazi.

Ipo njia ya tatu, nayo ni kuweka mifumo endeshi miwili katika kipakatalishi kimoja. Windows hubaki kwa kazi zisizo na badala, kama programu ya hesabu za duka la mama. Kando yake hukaa Linux, kwa mfano Ubuntu, ambayo hupatikana bila malipo na hupokea marekebisho. Ubuntu ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, na jina lake lina asili moja na neno letu utu. Kipakatalishi kikiwashwa, hutokea orodha fupi ya kuchagua mfumo. Mifumo hiyo haifanyi kazi kwa pamoja. Mmoja huamka, mwingine akalala. Shughuli za intaneti zifanyiwe upande wa Linux.

Hata hivyo, diski ni moja, na humo mna picha za marehemu babu, vyeti vya watoto na daftari la madeni. Wakati wa kuweka Ubuntu, huulizwa swali: iwekwe kando ya Windows, au diski yote ifutwe? Jibu moja la pupa hufuta kila kitu. Mara nyingi anayejibu ni kijana wa nyumbani, ilhali vilivyomo ni vya mama yake. Hiyo ni amana, na amana haiguswi bila ya idhini ya mwenyewe.

Kwa hivyo tunanasihi mambo matatu kabla ya kuanza. Kwanza, nakili faili zote katika diski ya nje, kisha uzifungue katika kompyuta nyingine kuhakikisha kuwa zinasomeka. Pili, ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, andika karatasini ule ufunguo wake wa tarakimu 48, kwani Windows huweza kuudai baadaye. Tatu, itengee Ubuntu nafasi ya gigabaiti 25 au zaidi, na nafasi hiyo ipunguzwe kutoka ndani ya Windows yenyewe.

Baada ya hapo, itazameni saa. Linux huihifadhi saa ya mashine kwa majira ya dunia, nayo Windows huisoma kana kwamba ni saa ya hapa petu. Hivyo Windows huweza kurudi nyuma kwa saa tatu kamili. Mwenye programu ya adhana atasikia Magharibi ikiadhiniwa baada ya Isha kuingia! Dawa yake ni kuiagiza Linux itumie saa za hapa, kwa amri hii: timedatectl set-local-rtc 1.

Akina mama, msione haya kuuliza, "Nakala iko wapi?" kabla ya kuitoa mashine mkononi. Mfumo ukiharibika huwekwa tena siku hiyo hiyo. Picha ya marehemu haipigwi mara ya pili.