Hesabu ya Nakivubo na Shahada ya Makerere

Mwaka 1999 wachumi wa mazingira waliipigia hesabu ardhioevu ya Nakivubo, bonde la mafunjo na magimbi linaloshuka kutoka upande wa viwanda wa Kampala hadi Ghuba ya Murchison katika Ziwa Victoria. Hawakuishia kwenye magimbi. Waliuliza: mafunjo yale yakiondoka, mji utalipa kiasi gani kusafisha majitaka ambayo bonde linayachuja bure kabla hayajakaribia mitambo ya maji ya kunywa ya Ggaba? Jibu likawa kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Kilimo, ufyatuaji matofali, ufugaji wa samaki na ukataji wa mafunjo, hata vikijumlishwa, vilikuwa sehemu ndogo tu ya thamani ya bonde.

Hesabu hiyo ilisifiwa na kunukuliwa mbali sana na Uganda. Nyumbani, bonde liliendelea kulimwa na kujazwa kifusi. Maji ya ghuba yalizidi kuchafuka, na kuyasafisha Ggaba kukazidi kuwa ghali. Shirika la maji la taifa limelazimika kujenga mtambo mkubwa wa maji Katosi, wilayani Mukono, mbali na uchafu wa ghuba, na mwingine wa majitaka Bugolobi. Ni kweli kwamba mji umefura na mitambo ingehitajika kwa vyovyote. Hata hivyo, sehemu ya gharama hiyo ilikwisha kuandikwa kwenye karatasi miaka ishirini kabla.

Ndiyo maana swali linaloulizwa mara kwa mara Kampala, kwamba nchi yenye uhaba wa mabwana shamba inawahitajia nini wachumi wa kilimo na maliasili, haliwezi kujibiwa kwa kuhesabu waliohitimu. Makerere ina idara nzima inayofundisha biashara ya kilimo na uchumi wa maliasili, na shamba lake la utafiti liko Kabanyolo, kaskazini mwa mji. Mwaka 2005 ilijiunga na vyuo vingine vya Afrika, vikiwemo Sokoine, Egerton na Nairobi, katika shahada ya pamoja ya uzamili ya uchumi wa kilimo. Wanafunzi wa mpango huo hukutana Pretoria kwa sehemu ya masomo, kwa kuwa si kila chuo kina wahadhiri wa kutosha kwa kila fani. Ni mpango wenye akili, na ufundi wa hesabu anaotoka nao mhitimu si haba.

Tatizo ni kwamba anayeamua haulizi, au huuliza akiwa amekwisha kuamua.

Chukua Mpango wa Maendeleo ya Parishi, uliozinduliwa Februari 2022. Kila parishi hupewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kaya hukopeshwa hadi milioni moja. Hakuna ubaya wowote kumfikishia mkulima mtaji bila kupitia kwa mlanguzi. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa pili angeuliza swali la kwanza kabisa la somo lake: majirani wote wakinunua nguruwe msimu mmoja, wataviuza kwa nani vitoto vya nguruwe hao, na kwa bei gani? Soko nalo lina mipaka yake. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, wakulima waligundua kwamba kuvuna sana hakutoshi. Kinachohitajika zaidi huenda ni turubai za kuanikia na mashine za kupimia unyevu. Hivyo ni vitu vya bei ndogo, lakini havina mvuto wa kuzinduliwa kwa ngoma.

Vyuo navyo vina lawama. Tasnifu inayopima kwa umakini kwa nini kaya fulani zimekubali mbegu bora humpatia mwandishi wake shahada, lakini ni nadra kumsaidia mbunge anayepaswa kupiga kura wiki ijayo. Kahawa ilidhihirisha pengo hilo. Novemba 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kuhamishia kazi za mamlaka ya kahawa, iliyoanzishwa 1991, kwenye Wizara ya Kilimo. Hoja ya serikali ilikuwa kubana matumizi. Wapinzani waliogopa ubora kushuka, na wabunge wakafikia kushikana mashati. Katika zogo lile, hoja ya kuokoa fedha za hazina ilisikika kuliko swali la pili: udhibiti wa ubora ukilegea, mkulima wa Masaka au Bushenyi atapoteza kiasi gani kwa kila gunia?

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 inataka kila muswada uambatane na cheti cha gharama zake, nacho kitaje pia athari kwa uchumi. Mlango huo uko wazi tayari. Idara ya Makerere ingeweza kuwapa wanafunzi wake wa uzamili kila muswada unaogusa zao, ziwa, msitu au ardhioevu, waandike cheti chao wenyewe na kukipeleka kwa kamati husika kabla ya kikao chake cha kwanza, kikiwa na kurasa tano na lugha anayoielewa mbunge asiyesoma takwimu.