Kuvunja Barafu Si Kuchangamsha Baraza

Katika semina na warsha za siku hizi, hapa Mbeya na hata Iringa, mwezeshaji husimama akatangaza: “Kwanza tuvunje barafu.” Naupinga usemi huo, na hoja zangu ni tatu.

Kwanza, taswira yake si yetu. Waingereza husema “break the ice” kwa kuwaza maji yaliyoganda, ambako barafu hupasuliwa ili vyombo vipite. Usemi ni wa kale; hata Shakespeare aliutumia. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini baridi twaijua: Juni na Julai sakitu, yaani barafu nyembamba ya alfajiri, huanguka Makete na Mufindi ikababua viazi na chai. Lakini sakitu haivunjwi. Jua likipanda, huyeyuka yenyewe. Mkulima wa viazi akiambiwa avunje barafu ataelewa nini?

Pili, kitenzi chenyewe chapingana na kusudi. Bunge likivunjwa, wabunge huenda makwao. Baraza likivunjwa, watu hutawanyika. Sikio la Mswahili likisikia “kuvunja” mbele ya mkutano hutarajia mwisho wake. Vipi basi tuufungue kwa kitenzi cha kuuagia?

Tatu, usemi wa Kiingereza una maana mbili, nasi twazivuruga. Ya kwanza ni kuondoa haya baina ya watu wasiozoeana: huko ni kuchangamsha baraza. Ya pili ni kutangulia katika jambo ambalo wengine wamesita kulianza: huko ni kufungua njia. Mwanafunzi aziandikaye zote mbili “kuvunja barafu” hajatafsiri, amenakili.

Nitajibiwa kwamba lugha hukua kwa kukopa. Kweli, meza tuliipata kwa Wareno na shule kwa Wajerumani. Maneno hayo yalikuja na vitu vyake. Hapa pengo li wapi? Mhehe husema “Kamwene”, Mnyakyusa “Ugonile”, kisha huulizana habari za nyumbani, za watoto na za shamba. Salamu ikiisha, ugeni nao umekwisha. Tukimfundisha kijana kwamba ustadi huo ni wa kuazima ughaibuni, twamnyang’anya urithi aliopewa na wazazi wake.

Walimu wenzangu, hasa mnaofunza walimu wa kesho, lipigieni mstari kosa hili kwa wino mwekundu, na pembeni mwandike: kuchangamsha baraza.